Bitana ya Chumba cha Juu

Siku aliyozikwa Asya niligombana na wanawake watatu chumbani mwake, maiti yuko kitandani, na mmoja wao alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Sababu ilikuwa pazia. Wao walilifungua, miye nikalifunga. Wakalifungua tena, nikalifunga tena, na safari hiyo nikakaa kitako chini ya dirisha nimelishika upindo kwa mikono yote miwili, mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu. Tangu siku hiyo kila nikipita Darajani hakosi mtu wa kuniuliza kwa sauti ya upole, ile wanayoulizwa wagonjwa, "Bi Raya, umeshapoa?" Sijapoa, na wala sikuwa naumwa. Nilikuwa na akili zangu timamu. Ila jambo lenyewe siwezi kulieleza sokoni, mkono mmoja nimeshika mchicha, kwa sababu lazima kwanza niueleze ule mwaka tuliokaa kwa Bi Biubwa, miye na Asya, tuna miaka ishirini na moja, katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Mji Mkongwe ambacho mchana kilikuwa hakikaliki.

Kilikuwa chumba cha pembeni, ghorofa ya tatu, na juu yake hakuna kitu ila mabati. Kilikuwa na madirisha mawili makubwa, moja la mashariki na moja la magharibi. Zamani madirisha hayo yalikuwa na milango yake ya mbao, ile mizito, ukiifunga chumba kinakuwa kiza mchana. Lakini mchwa walishaila, na Bi Biubwa mwenye nyumba akaibandua yote akatia vioo. "Vioo ndiyo mambo ya sasa," akisema, na akisema Bi Biubwa limekwisha. Basi jua likichomoza upande wa Ng'ambo linaingia dirisha la kwanza, linapanda kitandani, linakaa hapo mpaka adhuhuri. Ukidhani limekwenda zake, linazunguka linaingia la pili, linakaa mpaka linapokuchwa. Tulipopewa chumba kile kwa kodi ndogo tulijiona wajanja sana. Hatukuuliza waliotutangulia walihama kwa nini.

Miye halikunisumbua. Ikifika saa tatu asubuhi nilikuwa nshatoka, nakwenda Mchangani kwa Fundi Haji kujifunza kushona, na nikirudi jua lishakwisha makali. Aliyeumia ni Asya. Alikuwa muuguzi mpya, yuko kwenye majaribio, na wapya walipangwa usiku, wodi ya wazazi, mwaka mzima. Akiondoka baada ya magharibi, akirudi saa mbili asubuhi, anapanda ngazi viatu mkononi asimuamshe mtu, ingawa saa mbili nyumba nzima ilikuwa macho. Tulikula kinyumenyume. Asubuhi yeye anakula wali na mchuzi wa papa niliomwekea tangu jana, miye nakunywa chai kwa mandazi. Jioni miye nakula wali, yeye anakunywa chai. Tulikutana kwenye jamvi letu la kulia mara mbili kwa siku, mmoja anakwenda na mmoja anarudi, na hapo ndipo tulipozungumza yote. Mpaka leo harufu ya mchuzi wa papa asubuhi inanikumbusha sare nyeupe ya Asya, na namna alivyokuwa akitafuna macho kayafumba.

Hakuwa akilala. Akijilaza saa tatu, jua limemkalia usoni. Akigeuka, limemkalia kisogoni. Alijifunika shuka, akatota jasho. Alihama kitandani akalala sakafuni chini ya dirisha, ambapo kivuli kilikuwa na upana wa mkeka, na kila nusu saa anaamka kukifuata kivuli. Na chini huku, jikoni kwa Bi Biubwa, maneno yalikuwa yakichemka pamoja na maharage. Siku moja nilirudi kuchukua mkasi nilioufuta vumbi nikausahau, nikamsikia Bi Biubwa anamwambia jirani yake, wala hakupunguza sauti: "Mtoto wa kike anatoka magharibi, anarudi jua lishapanda, halafu analala mchana kutwa. Ati muuguzi. Kama yeye muuguzi, basi na miye nahodha wa meli." Jirani akacheka mpaka akakohoa. Nilipita mlangoni nikasema, "Shikamoo Bi Biubwa," kwa sauti kubwa kusudi, naye akaitikia, "Marahaba mwanangu," tamu kama halua. Nilipanda ngazi mbili mbili kwa hasira. Asya sikumwambia.

Halafu ikaja asubuhi ile. Asya alirudi, hakuvua sare, hakugusa wali. Alikaa kwenye jamvi akaitazama mikono yake. Mara mbili Sista mkuu alikuwa kishamkuta anasinzia zamuni, na alishaambiwa kuwa ya tatu itakuwa barua ya kumaliza kazi. Nilidhani ndiyo barua. "Si barua," akanambia. "Leo mikono imenilegea, Raya. Nimesimama, nimepakata mtoto wa mtu, ana saa moja duniani, mara nikaona giza. Nimezindukia mtoto anateleza hapa." Akanionesha kwenye kiwiko. "Nimemdaka. Hakuna aliyeniona. Lakini miye nimejiona." Nikamwambia Alhamdulillahi, amemdaka, yamekwisha. Akatikisa kichwa. "Hayajesha. Nasubiri mwisho wa mwezi. Kama sijapata namna ya kulala, naandika mwenyewe kuacha kazi. Kazi hii naipenda kuliko kitu chochote, lakini simwangushi mtoto wa watu kwa ajili ya mapenzi yangu." Asya hakuwa mtu wa kusema kitu akakirudia. Ulikuwa mwezi kumi na moja, tena tarehe kumi na moja, na nilizihesabu siku zilizobaki kwa vidole palepale mbele yake. Nikamwambia, "Wallahi utalala. Nipe hizo siku."

Nilianza na kanga zangu mbili. Jua lilipita ndani yake kana kwamba hazipo, likamwandika Asya maandishi ya kanga usoni, kinyume, kuanzia shavu la kulia. Tukacheka, ila hakulala. Nikatundika blanketi la kijeshi tulilolinunua mnadani; kiza kilipatikana robo tatu, lakini saa sita chumba kikanuka sufu inayoungua, na msumari ukang'oka pamoja na plasta ya Bi Biubwa, kitu ambacho alikuja kukitazama mwenyewe, mikono kiunoni. "Mnaficha nini humu?" akauliza. Nikamjibu kwa adabu kwamba tunaficha jua. Aliondoka anasonya, na jioni jirani akapewa na hilo.

Wakati huo Fundi Haji alikuwa na kazi ya hoteli moja ya Kiwengwa. Zilikuja bunda kwa bunda za kitambaa ambacho sijapata kukiona: upande mmoja kijivu cha kawaida, upande wa pili mweupe, umepakwa kitu kama mpira, laini, na kitambaa chenyewe hakioneshi hata ukikiweka mbele ya taa. Sisi tulikiita bitana ya mpira, maana bitana ni kitambaa cha ndani, kinachoshikizwa nyuma ya kingine. Kazi yetu ilikuwa kuipinda pande nne tu. Inapakiwa garini inakwenda Kiwengwa, na huko inatundikwa nyuma ya mapazia ili wageni walale mpaka saa nne jua linawaka nje. Niliposikia hivyo nilisimamisha cherehani. Watu wanakuja kutoka mbali wanawekewa kiza cha kulala baada ya kuogelea, na Asya aliyekesha na wazazi hana! Nilimwendea Fundi Haji, mzee mfupi mwenye futi ya kamba shingoni hata akienda kusali, nikamwomba vipande vinavyobaki. Akanitazama juu ya miwani. "Vipande vya upana wa kiganja, Raya. Utafanyia nini?" Nikamwambia nitaunga. Akasema chukua, lakini uunge baada ya kazi, na usinivunjie sindano. Niliunga vipande sitini na ushei, siku sita, mpaka kidole gumba kikafanya sugu. Nilipofika kwenye kushikiza bitana na zile kanga zangu, ndizo ziwe pazia, nikamuuliza upande upi ukae wapi, na Fundi Haji akanijibu bila kuinua kichwa, jibu ambalo kila mwanagenzi wake alilijua kabla hajajua kutunga uzi: "Uso wa bitana unamtazama anayevaa." Kwenye koti ndivyo. Ule upande laini, mzuri, unakaa mwilini. Basi nikaweka weupe ndani, uwatazame wenye chumba, na kijivu nje kwenye kioo. Nikashona mara mbili, mshono wa kufa na kuzikana.

Tulitundika asubuhi ya Jumamosi. Kiza! Nilinyoosha mkono nisiuone. Asya alishika mashavu yangu gizani akasema, "Raya, umefanya usiku," nikaenda kazini naimba. Nilirudi saa tisa nimembebea embe boribo, nikamkuta ngazini, kaegemea ukuta, kanga imetapakaa damu ya pua. Chumba kilikuwa kimekuwa tanuri. Jua lilikipiga kile kijivu, kijivu kikalinywa, kikatutemea ndani joto lote, na mabati juu yanasaidia. "Umenipika, Raya," akasema, wala hakuwa anatania. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia nimekaa siku sita naunga matambara, na kama anataka kuacha kazi aache, asinisingizie miye. Neno hilo nalijutia hadi leo. Asya aliosha pua, akavaa sare, akaenda kazini hajalala hata dakika, nami nikakaa na boribo langu nikalia kwa hasira ya kushindwa. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Jumapili sikwenda popote. Nilipanda darini, ile sakafu ya wazi ya kuanikia nguo nyuma ya mabati yetu, kwenye pipa la maji, kufua ile kanga ya damu. Pipa nilikuwa nimelifunika kipande cha bitana nilichokiunga kikazidi, nimekitupa tu, weupe juu, kisa nilichoka kusikia Bi Biubwa anasema vumbi linaingia majini. Nikachota. Maji yalikuwa baridi. Saa saba mchana, juu ya dari, jua la kuchoma ukosi, na maji ya pipa baridi! Nikakigusa kile kitambaa kwa juu: vuguvugu tu. Nikateremka mbio chumbani, Asya joto limemshinda, kalisogeza pazia nusu, yuko chini ya dirisha anafuata kivuli, nikatia mkono baina ya kioo na pazia nikagusa kijivu. Nikaondoa mkono kwa kelele. "Nini tena?" akauliza. "Nyamaza," nikamwambia, "nafikiri."

Asubuhi yake nilimngojea Fundi Haji mlangoni kabla hajafungua. "Fundi, nani anavaa pazia?" Akasema, "Salamu kwanza." Nikamwamkia, akaitikia, nikarudia: nani anavaa pazia? "Mwenye chumba," akasema, "nani mwengine?" Nikamwambia hapana. Mwenye chumba kakaa kitandani, pazia halimgusi. Anayelivaa, anayeingia ndani yake kila siku akatoka jioni, ni jua. Fundi Haji alicheka, akageuza ufunguo, akaacha kucheka. Alisimama pale mlango nusu. Baadaye akavua futi shingoni akaikunja, kitu ambacho sikupata kumuona akikifanya. "Miaka arobaini naifundisha bitana," akasema, "na hakuna aliyeniuliza suali hilo. Haya nenda. Kafumue." Akanipa siku nzima, na wembe wake mzuri.

Nilifumua ule mshono wa kufa na kuzikana, na ulinitoa jasho, maana niliushona kweli. Nikageuza. Weupe nje, utazame jua, kijivu ndani. Na safari hii sikulibana pazia kwenye kioo. Nilipigilia vipande vya mbao ukutani ili kitambaa kikae mbali kwa upana wa mkono, nikakifungua kioo kidogo, joto lipate pa kutokea, nikatia vijiwe kwenye upindo wa chini lisipepee. Bi Biubwa alisikia nyundo akapiga kelele kutoka chini kwamba nambomolea nyumba. Nikamwambia naam Bi Biubwa, namaliza sasa hivi, na nikaendelea kupiga. Asya alikuwa kakaa kitandani ananitazama, hana imani hata chembe. "Nikipikika tena," akasema, "naandika barua leo leo." Nikamwambia andika, kalamu iko pale. Nikatoka nikafunga mlango. Nilijifanya naenda zangu, nikakaa ngazini roho iko mkononi. Saa tano nikafungua kidogo: analala. Saa saba: analala, mdomo wazi. Nilitia mkono ndani nikaihisi hewa. Haikuwa baridi, nisiseme uongo, ila ilikuwa hewa ya kivulini, ya kukalika. Saa kumi bado analala, nami nikateremka jikoni kukaanga mihogo, na kwa furaha nikamkaangia na Bi Biubwa yake.

Ilikuwa karibu na magharibi niliposikia mtu anashuka ngazi anakimbia. Asya alitokea ukumbini kavaa sare, vifungo kavipandisha vibaya, analia kwa sauti. "Nshafukuzwa! Raya kwa nini hukuniamsha? Nimelala usiku kucha! Sikwenda kazini!" Tukamwangalia. Bi Biubwa alikuwa kakaa kwenye kiti chake na muhogo mkononi. "Nimeamka kiza totoro," Asya akaendelea, "natazama saa, kumi na mbili. Nimesali subhi mbio mbio, hivi sasa nnakwenda kumwangukia Sista miguuni, labda atanisamehe." Mwanga wa uwazini, pale katikati ya nyumba, ulikuwa ule wa mashaka, hujui kunakucha au kunakuchwa. Bi Biubwa alimtazama kuanzia vifungo mpaka viatu. "Umesali nini?" akauliza. "Subhi." Na hapo hapo adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa jirani. Nikaona akili inamrudia Asya pole pole, akakaa kwenye ngazi, akacheka na huku bado analia, na miye nikacheka hadi nikashika ukuta. Bi Biubwa hakucheka. Aliuweka muhogo kwenye sahani, akanyanyuka kwa tabu, akaenda akamfungua Asya vifungo vile akavifunga upya kimoja kimoja, sawasawa. "Kumbe kweli unakwenda kazini," akasema, taratibu kabisa. Kisha akanigeukia miye kwa ukali: "Na wewe unacheka nini? Mpe chai mwenzio, atachelewa!"

Barua ya Sista haikuja, wala ile ya Asya haikuandikwa. Mwisho wa mwaka alithibitishwa kazini. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Bi Biubwa. Kuanzia kesho yake alijifanya mlinzi. Anayeuza samaki akipita anapiga kelele, watoto wakicheza mpira uchochoroni, jirani yake akicheka kwa sauti, yeye anatoa kichwa dirishani: "Nyamazeni! Humu mna mtu katoka zamu!" Nahodha wa meli alisahauliwa. Mwaka ulipokwisha tulihama, kila mtu na maisha yake, lakini mapazia ya Asya yote niliyashona miye: ya nyumba aliyoolewa, ya nyumba aliyokodi alipoachika, na ya nyumba yake mwenyewe ya Fuoni aliyoijenga tofali kwa tofali. Aliomba mwenyewe abakishwe usiku, mpaka ugonjwa ulipomtoa. Hakupata kumwangusha mtoto. Aliniambia hivyo mwezi wa mwisho, sauti imeshakuwa ndogo, na nikajua anayemkumbuka ni yule wa kwanza, aliyeteleza.

Alifariki alfajiri, miye niko hapo. Kulipokucha nyumba ilijaa. Saa mbili, waoshaji bado hawajafika, jua likafika dirishani, na wifi yake akalivuta pazia watu wapate mwanga wa kusoma Yasini. Jua lilimwangukia Asya usoni juu ya shuka, na miye nikasikia ngazi za kwa Bi Biubwa, nikamsikia anapanda viatu mkononi. Ilikuwa saa yake. Nikalifunga. Wifi akalifungua, wenzake wawili wakamuunga mkono, nikalifunga tena nikakaa chini yake. "Bi Raya," wifi akanambia, machozi yanamtoka, "dada yangu, huyo ni maiti. Jua halimuumizi tena." Nikamwambia najua. Nikamwambia taa zipo, ziwasheni. Na walipoanza kunong'ona wote kwa pamoja, sauti ikanitoka kubwa, wala haikuwa yangu, nimeijua mara ile ile ilikuwa ya nani.

"Nyamazeni," nikasema. "Humu mna mtu katoka zamu."